Kubadilisha kalkilatere ya turbini ndogo: sanduku jipya halijui motere yako



Kijana mmoja wa elektromekanike aliniletea ulizo, nami naona jibu linaweza kusaidia wengi. Alikuwa ameangalia video ya zile ndege ndogo zenye kuongozwa na telekomandi, lakini zenye motere ya jeti ya kweli ndani, inayokula petroli na kulia kama ndege kubwa. Akaniuliza: « Kalkilatere yake ikikufa, si mtu ananunua ingine, anachomeka, anawasha? Kama kwa gari? »

Hapana. Na hata kwa gari haiko hivyo. Ukitoa kalkilatere ya okazioni kwa gari moja na kuiweka kwa ingine, mara nyingi demarere itazunguka lakini motere haitawaka, sababu sanduku halitambui funguo. Kwa gari hasara ni siku moja ya garaji. Kwa turbini ndogo, sanduku lisilojua motere linaweza kuivunja vipande vipande mbele ya macho yako, tena kwa sekunde chache.

Tuchukue motere moja inayojulikana sana kwa wenye kujitengenezea: KJ66. Ile 66 ni milimeta za kipenyo cha gurudumu la kompresa. Ile motere iko ndogo kweli: kipenyo cha sentimeta 11 hivi, uzito kama kilo moja, unaibeba kwa mkono mmoja kama chupa ya termosi. Gurudumu la mbele, lenye asili yake kwa turbo ya gari, linavuta hewa na kuibana. Hewa inaingia chumba cha moto, petroli inawaka humo, gesi ya moto inapita kwa gurudumu la nyuma na kulizungusha. Magurudumu yote mawili yako kwa mhimili mmoja, kwa hiyo la nyuma ndilo linazungusha la mbele. Gesi inayobaki inatoka nyuma na kusukuma, kwa nguvu ya niutoni 75 hivi. Ni kusema, motere ya kilo moja inaweza kuinua kilo saba na zaidi.

Sasa angalia mwendo. Kwa nguvu yote, mhimili unafanya karibu mizunguko 117,000 kwa dakika, ni kusema 1,950 kwa sekunde moja. Piga hesabu mwenyewe: mara 3.14 mara 0.066. Utapata kwamba ncha ya gurudumu inakimbia mita 400 na zaidi kwa sekunde. Sauti yenyewe hewani inakimbia mita 340 hivi. Na nguvu yenye kutaka kulipasua lile gurudumu inapanda kwa mraba wa mwendo: ukizidisha mwendo kwa asilimia 10, mzigo unapanda kwa asilimia 21. Shika hii hesabu, tutairudilia.

Mwanzoni hakukuwa na kalkilatere. Kurt Schreckling wa Ujerumani, mmoja wa wale walioonyesha kwamba mtu anaweza kujitengenezea turbini nyumbani, alianza na gurudumu la kompresa la mbao lililoimarishwa kwa nyuzi za kaboni (ndiyo, mbao!). Siku zile mtu aliongeza ama kupunguza pompi ya mafuta moja kwa moja, akasikiliza kwa sikio. Aliyekuwa na sikio zuri alirudi nyumbani na motere yake. Leo ile kazi ya sikio inafanywa na kisanduku kidogo, kama pakiti ya sigara ama chini ya hapo. Kwa ndege kubwa pia ni vile: Boeing 757 yenye motere za Pratt & Whitney PW2037 ilianza kubeba abiria mwaka 1984 na kalkilatere yenye mamlaka kamili juu ya mafuta. Rubani hafungui mafuta tena, anaomba nguvu tu, na sanduku linaamua.

Na sanduku la turbini ndogo linaamua kwa kusikiliza vitu vitatu tu: ombi lako kutoka telekomandi, mwendo wa mhimili, na joto la gesi ya nyuma. Kisha linaamuru: demarere izunguke, buji iwake, valvu ya gesi ifunguke, pompi iongeze. Kwa turbini ya zamani inayowashwa kwa gesi, mpangilio ni huu: demarere inazungusha polepole, buji inakuwa nyekundu, gesi inaingia, moto unashika, joto linapanda. Sanduku likishaona joto limepanda kweli, linaleta petroli kidogo kidogo, linafunga gesi, linasaidia mhimili mpaka ufike ralanti, karibu mizunguko 35,000. Hapo ndipo linakuachia manete. Kila hatua inangoja ile ya mbele ithibitishwe. Ukielewa hilo neno « kuthibitishwa », umeelewa kazi yote ya kalkilatere.

Basi motere yako haiwaki. Mbele ya kuhukumu sanduku, chunguza mashahidi wake. Mara nyingi sana kalkilatere haina kosa. Batri imechoka: inaonyesha volti nzuri ikiwa imelala, lakini demarere ikiivuta inaanguka. Buji imekatika. Pompi imeshikamana sababu motere ilikaa miezi mingi na mafuta yenye mchanganyiko wa oili yakawa kama gundi. Waya wa termokuple umevunjika ndani ya ganda, kwa macho unaona mzima. Multimetre ya bei ndogo inatosha kuona yote haya, na itakuepusha kununua sanduku la mamia ya euro bure. Sanduku lenyewe linakufa kwa sababu chache: mtu alichomeka batri kinyume, unyevu uliingia, mtikisiko ulivunja soda ndani, ama pompi iliyoshikamana ilivuta umeme mwingi ikachoma ile sehemu inayoilisha. Angalia hii ya mwisho vizuri. Ukiweka sanduku jipya na pompi ileile mbovu, utachoma sanduku la pili.

Ikishathibitika kwamba sanduku ndilo limekufa, kuna njia mbili. Kama turbini ni ya miaka ya karibu, irudishe kwa mtengenezaji ama chukua sanduku lake. Nyingine zina sehemu ya elektroniki ndani ya motere yenyewe, na namba za motere zimeandikwa humo tangu kiwandani. Hapo usijifanye shujaa. Kama ni ya zamani na vipande havipatikani tena, ama ni ya kujitengenezea kama KJ66, kuna kalkilatere za jumla, kwa mfano zile za kampuni Xicoy ya Hispania, zinazoweza kufundishwa motere za aina nyingi. Kufundishwa ndilo neno lake. Linatoka kwa katoni bila kujua lolote juu ya motere yako.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haiko ya bisibisi, iko ya kalamu. Kama sanduku la zamani bado linaonyesha kitu kwa kioo chake, andika kila namba: mwendo wa ralanti, mwendo wa juu, joto la mwisho linaloruhusiwa, volti ya pompi wakati wa kuwasha, volti ya buji, sekunde za kupanda kutoka ralanti mpaka nguvu yote, masaa ya kazi. Piga picha za kila ukurasa. Kama limekufa kabisa, tafuta karatasi ya motere. Hizi namba ndizo tabia ya motere yako. Mtu aliyezipata kwa jasho, kwa majaribio mengi ya kuwasha, alizificha ndani ya kile kisanduku, na kikifa anabaki na chuma tu.

Kisha tuje kwa waya. Hapa kuna mtego mmoja ambao ninaujua vizuri sababu niliuingia.

Termokuple ya aina K ni waya mbili za metali tofauti zilizounganishwa kwa ncha. Ncha ikipata moto, inatoa umeme mdogo sana: kama mikrovolti 41 kwa kila digrii. Kwa digrii 600 unapata milivolti 25 hivi tu. Waya hizi zina chanya na hasi, na rangi zake zinabadilika kufuatana na nchi. Kwa kanuni ya kimataifa, chanya ni kijani na hasi ni nyeupe. Kwa kanuni ya Marekani, chanya ni njano, na hasi ni NYEKUNDU. Sisi wote tumekua tukijua kwamba nyekundu ni chanya. Batri ya pikipiki, redio, panele ya sola, kote nyekundu ni chanya. Sasa mtu anakuja na hiyo mazoea…

Tulikuwa watatu kwa benchi ya majaribio, wanafunzi bado, na sanduku jipya tulilochomeka sisi wenyewe. Demarere ikazunguka, buji ikawaka, gesi ikaingia, tukasikia moto umeshika: ile sauti ya puuu ya chini, huwezi kuikosea. Lakini kioo kilionyesha joto linashuka. 25, kisha 19, kisha 8. Sanduku likasema hakuna moto, likazima. Tukarudia. Ileile. Mmoja wetu, mwenye haraka kuliko wote, akapendekeza tuongeze pompi kwa mkono « ili isaidie ». Mzee fundi wa laboratware akainuka kwa kiti chake, akachomoa batri, hakusema neno. Akaweka kidole kwa waya nyekundu.

Fikiria kama tungeongeza pompi. Sanduku lilikuwa linaona baridi pale palipo moto. Kadiri motere inavyochomeka, ndivyo lingezidi kuamini kwamba kuko baridi. Ulinzi wote wa joto ungekuwa kipofu. Tuligeuza waya mbili tu, na jaribio lililofuata likawaka bila shida. (Njia rahisi ya kuhakikisha mbele ya kuwasha: shika ncha ya termokuple kwa vidole, ama ipashe kidogo kwa kiberiti. Namba lazima ipande. Dakika moja tu, tena bila mafuta.) Na kama waya iko fupi, usiiongeze kwa shaba ya kawaida. Kila maungio ya metali tofauti ni termokuple ingine, na ikiwa pale ndani ya ndege pamepata joto, kipimo kitadanganya. Nunua waya ya aina K yenyewe.

Mtego wa pili ni mkali zaidi, na ndio ule wa hesabu ya mwanzo. Kaptere ya mwendo inahesabu mapigo. Kwa motere moja kuna sumaku kwa mhimili inayotoa pigo moja kila mzunguko. Kwa ingine ni mawili. Kwa ingine ni kaptere ya mwangaza inayohesabu alama. Sanduku la jumla haliwezi kujua, unaliambia wewe. Ukiliambia « pigo moja » wakati motere inatoa mawili, sanduku litaona mwendo mara mbili ya ukweli, litazuia mapema, motere itakuwa dhaifu, utakasirika, basi. Lakini ukikosea upande wa pili, ukaliambia « mawili » wakati ni moja, sanduku litaona nusu. Motere iko kwa 100,000, kioo kinasoma 50,000, na sanduku kwa imani yote linaendelea kuongeza mafuta ili kufikia 117,000 yake. Ili hesabu yake itimie, mhimili ungepaswa kuzunguka 234,000, na mzigo juu ya gurudumu ungekuwa mara nne. Haitafika huko. Itapasuka njiani.

Dawa iko rahisi. Bila mafuta, bila gesi, zungusha kwa demarere peke yake na usome mwendo. Linganisha na ile ambayo sanduku la zamani lilikuwa linasoma, ama na takometre ingine. Kama demarere ilikuwa inafanya elfu tano na sasa kioo kinasema elfu mbili na mia tano, simama pale. Mimi sikubali mtu aniambie « nilifuata kitabu » mbele ya kufanya hili jaribio.

Mambo ya batri ni ya kupita haraka, lakini yanaua vitu vya bei. Sanduku la zamani pengine lilikula batri ya NiCd ya seli 6, volti 7.2. Sanduku jipya pengine linakubali LiPo ya seli 3, ambayo ikijaa inafika volti 12.6. Pompi na demarere ni zilezile za zamani. Usiwape chakula cha mkubwa. Baki na volti zinazokaribia zile za kwanza, na uambie sanduku aina ya batri, ili lijue ni wakati gani limechoka. Buji nayo inataka volti moja na nusu hivi. Weka kidogo, panda polepole mpaka iwe rangi ya machungwa yenye kung'aa. Ikiwa nyeupe, umeshaiaga.

Pompi inahitaji subira. Kila pompi ina volti yake ya kuanza kuzunguka, na hata pompi mbili za kiwanda kimoja hazifanani. Ukiliacha sanduku na namba iliyo juu sana, petroli itaingia nyingi wakati wa kuwasha, na utaona ulimi wa moto wa mita nzima nyuma. Namba ikiwa chini sana, moto unakufa njiani. Tuma mafuta ndani ya kopo kwanza, uangalie tuyo: yapite bila mapovu. Na usisahau oili ndani ya petroli, karibu asilimia 5 kwa motere za aina hii. Mafuta haya ndiyo yanalainisha rulema pia. Petroli kavu itawaka vizuri kabisa, na itamaliza rulema vizuri kabisa.

Halafu unafundisha sanduku telekomandi yako: manete chini kabisa ni kuzima, ralanti iko wapi, nguvu yote iko wapi. Hapa kuna kitu watu wanaruka. Zima telekomandi huku kipokezi kikiwa kinawaka, uone sanduku linasoma nini. Kama kipokezi kimewekwa kushikilia amri ya mwisho, ndege iliyopoteza mawasiliano itaendelea kuruka na nguvu yote, na petroli ndani, kuelekea mahali Mungu anajua. Lazima amri ya kupotea iwe ya kuzima.

Siku ya kuwasha, toa motere nje ya ndege ama fungua kila kitu ili uone. Weka kizima-moto cha CO2 karibu. Kile cha unga kitazima moto sawa, lakini unga utaingia ndani na kuharibu motere. Usisimame nyuma, hiyo kila mtu anajua. Wachache wanajua kwamba usisimame ubavuni pia, kwa mstari wa magurudumu, sababu gurudumu likipasuka vipande vinatoka upande ule. Mbele kwa pembeni ndipo pa kukaa, shati limefungwa, bila kofia wala kamba ya kitambulisho shingoni. Kile kinywa kinavuta.

Ikifika ralanti, usikimbilie nguvu yote. Iache dakika moja, usome joto. Panda hadi robo, shuka. Panda hadi nusu, shuka. Anza na namba za polepole za kupanda na kushuka. Sanduku likiongeza mafuta haraka kuliko mhimili unavyoweza kufuata, joto linaruka na kompresa inaanza kukohoa. Likipunguza haraka sana, moto unazimika, na angani maana yake ni ndege bila motere. Sekunde nne ama tano kutoka ralanti mpaka juu siyo aibu. Na kiweke kiwango cha juu chini ya kile cha zamani, tuseme kwa asilimia 5, mpaka uamini kila kipimo.

Ukizima, sanduku litaendelea kuzungusha demarere kidogo kidogo ili kupoza. Wengi wanachomoa batri pale, wakifikiri imekwisha. Acha mpaka joto lishuke chini ya digrii 100. La sivyo joto la chumba cha moto litatembea kwa mhimili mpaka kwa rulema na kaptere ya mwendo, ileile kaptere uliyotoka kuihangaikia.

Imebaki kitu kimoja kidogo. Sanduku jipya linahesabu masaa kuanzia sifuri. Motere yako haijaanza sifuri. Pengine iko na masaa 22, na rulema za aina hii watengenezaji wengi wanataka ziangaliwe kati ya masaa 25 na 50. Ni kama gari iliyobadilishiwa kompta ya kilometa: mnunuzi anasoma 8,000 na kufurahi. Andika masaa ya zamani kwa kikaratasi, pamoja na tarehe uliyobadilisha sanduku, kibandike kwa tumbo la motere mahali pasipo joto. Na ile picha ya namba zote, usiiache kwa simu peke yake.